Nyota Tatu za Brooklands

Wajukuu zangu, mmewahi kupanda daladala, dereva akakata kona bila kupunguza mwendo, ukajikuta umemlalia jirani? Hakuna aliyekusukuma. Mwili wako ulikuwa unakwenda mbele, gari likageuka, mwili ukataka kushika njia yake ya mwanzo. Likumbukeni hilo, maana hadithi yangu inaanzia hapo.

Kusini-magharibi mwa London, karibu na mji wa Weybridge, kuna makumbusho ya magari yaitwayo Brooklands. Kwingine magari ya mbio huletwa ndani ya jengo yakapangwa. Hapa yako nyumbani kwao. Mwaka 1907 mwenye shamba mmoja, Hugh Locke King, alijenga kwenye ardhi yake uwanja wa kwanza duniani uliokusudiwa mbio za magari. Siku hizo sheria ya Uingereza ilikataza gari kuzidi kilomita 32 kwa saa barabarani, kwa hiyo waunda magari hawakuwa na mahali pa kujaribia kazi yao.

Sasa, gari likiwa mbioni kwenye kona hufanya kama ulivyofanya wewe ndani ya daladala: linataka kutoka nje. Dawa yake Locke King aliipata kwa kuinua barabara. Kona zilimwagwa zege na kulazwa kama ubavu wa karai, upande wa nje ukapanda karibu mita 9, sawa na nyumba ya ghorofa mbili. Gari likitaka kutoroka, linakuta barabara yenyewe imesimama kulirudisha ndani. Vipande vya kona hizo vipo hadi leo. Ukisimama chini yake ukatazama juu, unajiuliza ni moyo gani uliompeleka mtu pale.

Makumbusho ya namna hii huwa na vitu vyake vya kudumu, halafu huwa na maonyesho ya muda: mara ya mbio, mara ya pikipiki za zamani, vingine vikiazimwa kwa wenyewe na kurudishwa miezi ikiisha. Mimi hupenda zaidi hayo ya muda. Aliyeyapanga hakuwa na nafasi ya kuweka kila kitu, ikambidi achague, na katika kuchagua huko anakusimulia jambo.

Wengi wakiingia Brooklands hukimbilia gari liitwalo Napier-Railton, na siwalaumu. Injini yake ni ya ndege, ya lita 24. Gari dogo la familia lina lita moja na nusu. Pigeni hesabu wenyewe. Magurudumu ya mbele hayana breki kabisa. Mwaka 1935 dereva wa mbio John Cobb aliuzunguka uwanja kwa gari hilo kwa wastani wa kilomita 230 kwa saa, na hakuna aliyewahi kumpita.

Lakini mimi, kama yule mpangaji wa maonyesho, nimechagua langu: nawavuta mkono twende kwenye pikipiki.

Klabu ya waendesha pikipiki ilikuwa na zawadi moja ndogo iliyotafutwa kwa udi na uvumba: beji ya nyota ya dhahabu. Ilipewa mtu aliyeuzunguka uwanja katika mashindano kwa zaidi ya maili 100 kwa saa, yaani kilomita 161. Zege lilikuwa na mabonde na matuta, pikipiki iliruka na kutua, na mpanda alijishikilia kwa mikono na magoti.

Wanawake watatu waliipata. Mwaka 1934 aliipata Florence Blenkiron, na mwaka huohuo mhandisi Beatrice Shilling akapita kilomita 170 kwa saa juu ya pikipiki yake aina ya Norton. Huyu Shilling, Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, alifanya jambo kubwa zaidi. Baadhi ya ndege za kivita za Uingereza zilikuwa zikizima injini rubani anapoinamisha pua ghafla, kwa sababu petroli ilifurika kwenye kabureta. Shilling alibuni kipande kidogo cha chuma chenye tundu katikati, kinachopitisha petroli ya kutosha injini na si zaidi. Mwaka 1941 yeye na wenzake walizunguka viwanja vya ndege wakikifunga. Kwa marubani, kitundu kile kilikuwa uhai.

Blenkiron naye, Desemba 1934, alitoka London na rafiki yake Theresa Wallach wakielekea Cape Town. Walipanda pikipiki moja aina ya Panther, yenye kigari cha ubavuni na tela nyuma. Injini yake ilikuwa ya cc 600. Bodaboda nyingi za mitaani kwetu ni za cc 100 hadi 150, na hazivuti tela Sahara. Mchanga uliwameza, wakachimba, wakasukuma. Injini ikafa jangwani, pikipiki ikavutwa hadi Agadez, katika Niger ya leo, ikafumuliwa na kufungwa upya. Wakaendelea kusini, wakapita Kongo, Uganda, Kenya na Tanganyika. Mwisho wa Julai 1935 walifika Cape Town. Huenda mmoja wa mababu zenu alisimama kando ya njia ya vumbi akawatazama wakipita.

Wallach alikuwa bado hajapata nyota. Aliipata Brooklands mwaka 1939, kwa Norton ya cc 350. Septemba mwaka huohuo vita vikaanza, uwanja ukaachiwa viwanda vya ndege, na mbio hazikurudi tena kwenye zege lile.