Ziwa lipi la trauti linamfaa mzazi na mtoto katika Mlima Kenya?

Juu ya Mlima Kenya, zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, yapo maziwa madogo ya maji baridi ambamo huishi trauti, samaki anayependwa mno na wavuvi wa mshipi. Mzazi anayetaka kwenda huko pamoja na mwanawe kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni ziwa lipi lenye samaki wakubwa. Lipo swali linalostahili kutangulia: mtoto akiugua saa nane za usiku, ataondolewa hapo kwa njia gani, na itachukua muda gani?

Kwa wasikilizaji wetu waliozoea mukeke na ndagala wa Ziwa Tanganyika, maziwa haya ni ulimwengu mwingine. Hakuna mwalo, hakuna soko la samaki wala taa za mitumbwi usiku. Kuna ukimya, nyasi ndefu za mlimani, na baridi ambayo usiku huweza kugandisha umande.

Samaki aliyeletwa kutoka mbali

Trauti si samaki wa asili wa Afrika Mashariki. Mwaka 1905, mlowezi Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, na vifaranga wake wakatiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Baadaye aliletwa trauti wa aina ya pili, mwenye asili ya Amerika Kaskazini, anayetambulika kwa mkanda wa rangi ya waridi ubavuni. Huyu wa pili ndiye anayepatikana zaidi katika maziwa ya Mlima Kenya.

Samaki huyu huhitaji maji baridi yenye oksijeni nyingi. Joto la maji likizidi nyuzi 20 za Selsiasi, huanza kudhoofika. Ili azaliane, jike hutaga mayai kwenye changarawe za maji yanayotiririka. Ziwa lisilo na kijito cha namna hiyo hutegemea vifaranga wanaopandikizwa na binadamu. Nchini Kenya, kituo kinachojulikana kwa kuzalisha vifaranga hao kipo Kiganjo, katika Kaunti ya Nyeri.

Jambo hili lina maana kwa mzazi. Ziwa lililosifiwa miaka kumi iliyopita huenda leo lina samaki wachache, au hata halina kabisa. Kabla ya kumwahidi mtoto samaki, ni vyema kuwauliza waongozaji wa upande husika wa mlima ni lini mtu alivua hapo kwa mara ya mwisho, na alipata nini.

Kimo cha ziwa na mwili wa mtoto

Kwenye kimo cha mita 3,000, shinikizo la hewa ni takriban asilimia 70 ya lile la pwani, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu. Mtu yeyote anayepanda haraka kupita mita 2,500 anaweza kupatwa na ugonjwa wa mwinuko, awe mtoto au mtu mzima, awe mwanamichezo au la.

Tofauti ni kwamba mtu mzima hueleza anavyojisikia. Mtoto mdogo huonekana tu amenuna, hataki kula, hataki kucheza, na mzazi hudhani ni uchovu wa safari. Kuumwa kichwa, kichefuchefu, kutapika, kukataa chakula na kukosa usingizi ni dalili za kuzingatiwa. Zikitokea, familia haipaswi kupanda zaidi. Na zikizidi, ni lazima kushuka. Mtoto akihema kwa shida hata akiwa amepumzika, akiyumba anapotembea au akichanganyikiwa, ashushwe papo hapo bila kungoja mapambazuko.

Ushauri unaokubalika wa kitabibu ni kupanda polepole: ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana yake kwa zaidi ya mita 500. Anayetoka Bujumbura, mji usiofikia mita 1,000, anahitaji angalau usiku mmoja au miwili katika eneo kama Nanyuki, karibu mita 1,950, kabla ya kwenda ziwani. Siku hizo si za kupotea bure. Karibu na Nanyuki yapo mabwawa ya kufugia trauti ambako mtoto anaweza kumwona samaki huyu kwa karibu, na mzazi akapima kama mwanawe ana hamu ya kuvua kweli au alitaka safari tu.

Maziwa matatu

Ziwa Rutundu lipo upande wa kaskazini mashariki wa mlima, kwa njia ya Timau, kwenye kimo cha takriban mita 3,080. Lilitajwa sana na vyombo vya habari mwaka 2010, baada ya William, mjukuu wa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, kumposa Kate Middleton katika eneo hilo. Umaarufu huo haumsaidii mtoto wa miaka minane. Kinachomsaidia ni kwamba gari lenye uwezo wa kupita njia mbaya hufika karibu, na sehemu ya mwisho, inayovuka korongo, hutembewa kwa miguu kwa muda mfupi. Kando ya ziwa kumejengwa vibanda vya magogo. Hata hivyo, mzazi ahakikishe mapema kama vinapokea wageni.

Ziwa Alice lipo juu zaidi, karibu mita 3,500, ndani ya kreta ya Ithanguni. Hufikiwa kwa kutembea saa kadhaa kutoka Rutundu. Wavuvi hulisifu kwa trauti wakubwa, lakini ukungu ukishuka, njia hupotea machoni, na hakuna gari linaloweza kumfuata mgonjwa huko.

Ziwa Ellis lipo upande wa mashariki, kwenye njia ya Chogoria, pia kwa kimo cha karibu mita 3,450. Kutoka Lango la Chogoria, lililo karibu mita 2,950, wengi hutembea saa tatu hadi nne. Mwinuko wake ni wa taratibu na njia hupitiwa mara kwa mara na wapanda mlima, waongozaji na wapagazi, hivyo msaada haupo mbali sana. Lakini wanaolala hapo hulala ndani ya hema, na usiku ni wa baridi kali.

Kwa safari ya kwanza ya mzazi na mtoto, Rutundu ndilo chaguo lenye busara zaidi: ndilo la chini kuliko mengine, na gari lipo karibu. Ellis linafaa kwa mtoto mkubwa kidogo aliyezoea kutembea, ambaye amelala usiku mmoja karibu na lango na kuamka akiwa mzima. Alice lisiwe mahali pa kulala. Liwe matembezi ya siku moja, baada ya usiku mbili salama Rutundu, na kwa sharti kwamba mwongozaji akisema turudi, familia inarudi. Waswahili husema mtoto akililia wembe, mpe. Mlimani methali hiyo haifai.

Baridi, maji na wanyama

Miezi yenye mvua kidogo ni Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Hata wakati huo, asubuhi huwa nyeupe na mawingu hukusanyika kuanzia adhuhuri. Kwa hiyo uvuvi na mtoto ufanyike asubuhi, na ikifika saa sita mchana familia iwe imeanza kurejea kambini.

Mtoto hupoteza joto la mwili haraka kuliko mtu mzima, hasa akiloa. Koti la mvua, kofia ya sufu na seti nzima ya nguo kavu ni vitu vya lazima. Maji ya maziwa haya ni baridi kiasi kwamba anayetumbukia ghafla hushindwa kudhibiti pumzi zake, hata kama anajua kuogelea. Mtoto avae jaketi la kuokoa maisha akiwa ukingoni, na si ndani ya mashua tu.

Katika misitu na mianzi ya njiani wapo nyati na tembo. Mzazi asiingie huko peke yake na mtoto. Mwongozaji anayeijua njia ni sehemu ya bajeti, kama ilivyo chakula.

Vibali na vifaa

Mlima huu, wenye kilele cha mita 5,199, umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1997, na hifadhi yake husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS). Kiingilio hutofautiana kwa uraia na umri, hivyo vitambulisho vya mzazi na mtoto viwe tayari. Uvuvi huhitaji leseni yake mbali na kiingilio. Masharti ya uvuvi, kama vile idadi ya samaki wanaoruhusiwa na aina ya chambo, yaulizwe kabla ya kununua vifaa, kwani kwa desturi trauti huvuliwa kwa ndoano iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu.

Kwa mtoto, ufito mfupi na mwepesi unatosha, pamoja na ndoano isiyo na kijino, ambayo hutoka kwa urahisi kwenye mdomo wa samaki na, ikitokea ajali, kwenye kidole cha mvuvi. Miwani ni kinga ya macho wakati mshipi unaporushwa. Samaki anayerudishwa majini ashikwe kwa mikono iliyolowa, kwani mikono mikavu huondoa ute unaomkinga na maradhi.

Makubaliano kabla ya safari

Trauti ni samaki mwangalifu. Kivuli cha mtu ukingoni hutosha kumfukuza. Inawezekana kabisa siku mbili zikapita bila kupata hata mmoja. Ni vyema mtoto aambiwe hivyo angali nyumbani, na aambiwe pia jambo la pili: kusema kichwa kinauma hakutaharibu safari, na hakuna atakayemkasirikia. Watoto wengi huficha maumivu kwa kuogopa kumvunja mzazi moyo. Ahadi hiyo, ikitolewa mapema na ikatimizwa, ni kinga ambayo hakuna kifaa kinachoweza kuchukua nafasi yake.