Unafuu wa Serikali Wakati wa UVIKO-19: Nini Kilitolewa, na Mfanyabiashara Mdogo Ana Haki ya Kuomba Nini

Msata ni njia panda. Barabara ya lami ya kilomita 64 itokayo Bagamoyo huishia hapo na kuungana na barabara kuu iendayo Segera, na kutoka Segera magari hugawanyika kuelekea Tanga, Moshi na Arusha. Riziki ya mfanyabiashara mdogo wa mahali hapo hutegemea gari kusimama. Mama lishe, muuza maji, kijana wa bodaboda na muuza mananasi ya Kiwangwa, wote humtazamia abiria yuleyule. Abiria asiposhuka, chakula kilichopikwa alfajiri hulala.

Tarehe 16 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Siku iliyofuata shule zikafungwa, na mwezi Aprili safari za ndege za kimataifa zikasitishwa. Tanzania haikuwafungia watu majumbani wala haikufunga masoko. Hata hivyo wanafunzi hawakusafiri, watalii wa Bagamoyo na Saadani hawakuja, na wengi wenye uwezo wa kuahirisha safari waliahirisha. Aliyekuwa na mkopo benki aliendelea kudaiwa marejesho kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Wakati huohuo zikaenea habari za “fedha za korona”. Huko zilikotoka zilikuwa za kweli. Marekani ilitoa mikopo ya kulipia mishahara ambayo, masharti yakitimizwa, haikurejeshwa. Uingereza ilizidhamini benki zitoe mikopo ya hadi pauni 50,000, bila mkopaji kulipa riba katika mwaka wa kwanza. Kenya ilipunguza Kodi ya Ongezeko la Thamani kutoka asilimia 16 hadi 14, na kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 3 hadi 1. Ujumbe ulipita kwenye simu kutoka kwa ndugu na marafiki, na kadiri ulivyosafiri ndivyo jina la nchi lilivyodondoka njiani. Hivyo aliyeupokea Msata aliamini kwamba fungu lake lipo mahali fulani na kwamba kuna mtu analikalia.

Hapakuwa na fungu la namna hiyo. Nchi nyingi zilizowalipa wafanyabiashara zilikuwa zimewaamuru wafunge milango, kwa hiyo malipo yalikuwa kama fidia ya amri hiyo. Hapa kwetu milango haikufungwa kwa amri, na unafuu ukapitishwa njia nyingine, yaani kupitia benki. Njia hiyo ilikuwa na faida zake, lakini ilikuwa na kasoro moja kubwa: haikumfuata mtu nyumbani. Aliyenufaika ni yule aliyejua kuomba.

Hatua za Benki Kuu za Mei 2020

Tarehe 12 Mei 2020 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza hatua za kupunguza makali ya janga. Mbili kati ya hizo zilihusu benki zenyewe. Kila benki hulazimika kuweka sehemu ya amana za wateja Benki Kuu. Sehemu hiyo ilishushwa kutoka asilimia 7 hadi 6 kuanzia tarehe 8 Juni 2020, ili fedha iliyobaki ikopeshwe. Vilevile riba ambayo Benki Kuu huitoza benki inapoikopesha ilishushwa kutoka asilimia 7 hadi 5. Kwa mwenye kibanda, hatua hizi mbili zilikuwa kama mvua iliyonyesha milimani: huenda mto ungejaa baadaye, lakini ndoo yake haikupata tone siku hiyo.

Hatua ya tatu ilimgusa mtu moja kwa moja. Kiwango cha juu cha miamala ya fedha kwa simu kwa siku kilipandishwa kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5, na salio analoweza kubaki nalo mteja kwa siku kutoka milioni 5 hadi milioni 10. Kwa mnunuzi wa mananasi wa jumla aliyekuwa akibeba noti kwenye mfuko wa rambo, nafuu hiyo ilionekana mara moja.

Hatua ya nne ndiyo yenye uzito katika makala haya. Benki Kuu ilizitaka benki na taasisi za fedha zitathmini kwa kina matatizo ya wakopaji walioathiriwa na janga na zijadiliane nao juu ya kupanga upya masharti ya mikopo yao. Yenyewe iliahidi kulegeza usimamizi wake kwa taasisi ambazo zingefanya hivyo, kwa kuangalia kila shauri peke yake. Agizo hilo halikusema mikopo yote isimame wala halikufuta deni la mtu yeyote. Lilifungua mazungumzo tu, na mkopaji aliyekaa kimya hakuwa na mazungumzo ya kufungua.

Kupanga upya mkopo ni nini, na kuna gharama gani

Chukua mfano wa mama lishe aliyekopa shilingi 1,200,000 kwa miezi kumi na miwili, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi juu ya salio. Kila mwezi hurejesha shilingi 100,000 za mtaji pamoja na riba. Amekwisha kulipa miezi minne, na salio lake ni shilingi 800,000. Rejesho la mwezi unaofuata ni shilingi 116,000. Mauzo yake yameanguka nusu.

Njia ya kwanza ni kuomba muda uongezwe. Badala ya miezi minane iliyobaki, alipe kwa miezi kumi na sita, yaani mtaji wa shilingi 50,000 kwa mwezi. Rejesho la kwanza hushuka kutoka shilingi 116,000 hadi 66,000, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini ahesabu na upande wa pili. Kwa miezi minane angelipa riba ya jumla ya shilingi 72,000. Kwa miezi kumi na sita atalipa shilingi 136,000. Ameununua muda kwa shilingi 64,000.

Njia ya pili ni kusimamisha mtaji kwa miezi mitatu na kulipa riba peke yake, shilingi 16,000 kila mwezi. Jumla ni shilingi 48,000, kisha anaendelea pale alipoachia. Hii humfaa mtu ambaye kizuizi chake kina mwisho unaojulikana. Aliyekuwa akiuza vitafunwa jirani na shule alijua kwamba shule zitafunguliwa siku moja, na kweli zilifunguliwa zote tarehe 29 Juni 2020.

Njia ya tatu ni kusimamisha kila kitu, mtaji na riba, na riba ikaongezwa kwenye deni. Hapa wengi hudanganyika. Neno “likizo ya mkopo” huwafanya wadhani kwamba saa imesimama, kumbe inaendelea kutembea. Baada ya miezi mitatu salio la mama lishe wetu si shilingi 800,000 tena, bali takribani shilingi 848,966, kwa sababu riba nayo imezaa riba.

Linganisha njia hizo na ile ambayo wengi huikimbilia: kukopa kwa mkopeshaji wa mtaani ili kufunika rejesho la benki. Mkopo huo umepewa jina la “kausha damu”, na jina halikukosewa. Akikopa shilingi 116,000 kwa asilimia 30 kwa mwezi, mwezi ukiisha anadaiwa shilingi 150,800. Yaani kwa mwezi mmoja amelipa shilingi 34,800 za ziada, zaidi ya nusu ya gharama ya kuongeza muda wa miezi minane, na deni la benki bado lipo.

Mtumiaji anashauriwa kuomba kabla ya kushindwa. Mkopaji aliyelipa vizuri mpaka Machi na kufika benki mwanzoni mwa Aprili husikilizwa tofauti na yule anayekuja baada ya kuruka marejesho matatu na kuzima simu. Barua iwe fupi. Itaje tarehe ya mkopo, salio, mauzo yalivyokuwa na yalivyo sasa, na kiasi anachoweza kulipa. Daftari la mauzo, hata lile la karatasi za mistari lililolowa mafuta, lina nguvu kuliko maelezo ya mdomo. Nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa na mkopaji abaki nayo. Benki ikikubali, mkopaji adai ratiba mpya ya marejesho kwa maandishi, ikionyesha riba yote mpaka siku ya mwisho, na aulize mambo mawili: je, kuna ada ya mabadiliko hayo, na taarifa zake zitaandikwaje kwenye kumbukumbu za wakopaji? Kama kuna mdhamini, naye ahusishwe, maana deni likirefuka dhamana yake nayo imerefuka.

Mwaka 2021

Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza hatua nyingine. Ilitenga mkopo maalumu wa shilingi trilioni 1 kwa benki kwa riba ya asilimia 3, kwa sharti kwamba benki zitakazouchukua zikopeshe sekta binafsi kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Iliondoa pia sharti la uzoefu wa biashara wa miezi 18 kwa anayeomba kuwa wakala wa benki, na badala yake ikataka kitambulisho au namba ya Taifa. Kwa mwenye duka dogo kando ya barabara, badiliko hili la pili, lisilopigiwa ngoma, huenda lilikuwa na maana kuliko trilioni nzima.

Oktoba 10, 2021 ulizinduliwa Dodoma mpango wa shilingi trilioni 1.3, uliotokana na mkopo wa dola milioni 567.25 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Fedha hizi ndizo zilizobeba jina la “fedha za UVIKO” vinywani mwa watu. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye elimu, afya na maji, pamoja na ujenzi wa madarasa 15,000. Haukuwa mfuko wa kugawia biashara moja moja, na mtu akidai kwamba jina lako liliandikwa humo likafutwa, muulize liliandikwa katika orodha ipi.

Mlango ulio wazi: asilimia kumi ya halmashauri

Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, huitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huu haukuanzishwa kwa ajili ya janga. Lakini kwa mfanyabiashara mdogo asiye na hati ya nyumba, ndio unaomfikia kwa karibu zaidi. Ulisitishwa Aprili 2023 baada ya dosari kubainika, zikiwamo fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa, kisha ukarejeshwa mwaka 2024.

Msata imo katika Halmashauri ya Chalinze, ingawa wilaya ni Bagamoyo. Hili si jambo dogo, kwa kuwa wilaya hiyo ina halmashauri mbili, na maombi yaliyopelekwa kwenye halmashauri isiyohusika hupoteza muda. Pa kuanzia ni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Yeye ndiye atakayeeleza masharti ya sasa ya idadi ya wanakikundi, umri na usajili, maana kanuni zimebadilika zaidi ya mara moja.

Kutokuwa na riba hakumaanishi kutokuwa na deni. Kwa kawaida mkopo ni wa kikundi, na mmoja akitoweka wenzake hubaki na mzigo wake. Usikubali kuazima jina lako likamilishe idadi ya kikundi usichokifahamu, hata ukiahidiwa shilingi elfu ishirini na soda. Saini yako ndiyo itakayotafutwa.

Wanaouza tumaini

Kila msaada unapotangazwa, matapeli nao hutangaza wao. Ujumbe huja: umechaguliwa kupokea ruzuku, tuma kiasi kidogo cha usajili kwa namba hii. Hakuna msaada wa Serikali unaoanza kwa mpokeaji kutuma fedha kwenye namba ya mtu binafsi. Ujumbe wa namna hiyo usijibiwe. Upelekwe namba 15040, pamoja na namba iliyoutuma. Piga pia *106# uone kama kuna laini za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua.

Kwa wakopeshaji wasiopokea amana, wawe na ofisi au programu ya simu, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wawe na leseni ya Benki Kuu, na ukomo wa riba uliowekwa kwao ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja hadharani majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Omba kuona leseni kabla ya kuonyesha kitambulisho chako.

Ikiwa ni taasisi yenye leseni iliyokataa kukusikiliza, lalamiko huanzia kwake kwa maandishi, na uombe namba ya kumbukumbu. Usiporidhika na majibu, au usipojibiwa kabisa, lalamiko hilohilo lipelekwe Benki Kuu pamoja na mkataba, ratiba ya marejesho, risiti na ile nakala ya barua yenye muhuri.