Kiyoyozi cha Nyumba Nzima: Faida Zake na Matunzo Yake

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumezoea kuichambua darasani kwa kutazama muundo na maana yake. Makala haya yanaitoa darasani na kuipeleka darini, mahali ambapo mwenye nyumba hapaoni na ambapo ufa mdogo huweza kugharimu fedha nyingi.

Shangazi yangu aishiye Mombasa alitumiwa fedha na mwanawe afanyaye kazi Maskati. Kijana huyo amezoea maisha ya Oman, ambako katika miezi ya joto kali kiyoyozi si anasa bali ni sehemu ya nyumba kama lilivyo jiko. Hakuridhika kuona mamake akikesha akijipepea msimu wa kaskazi. Basi mtambo ukafungwa, mmoja kwa nyumba nzima, na shangazi akastarehe. Mwaka wa pili maji yakaanza kutona kutoka darini, bili ya umeme ikapanda, na baridi ikapungua. Shangazi akauzima mtambo na kurudia upepeo wake. Fundi alipoitwa, alichomoa kichujio kilichogeuka blanketi la vumbi. Shangazi akauliza, "Mbona hakuna aliyeniambia kwamba kitu hiki huoshwa?" Kumbe maelezo yote yalikuwamo katika kijitabu cha Kiingereza kilichohifadhiwa kabatini.

Swali hilo ndilo lililozaa makala haya. Yanakusudia kueleza, kwa Kiswahili, jinsi kiyoyozi cha nyumba nzima kinavyofanya kazi, faida zake, na namna ya kukitunza.

Chimbuko lake

Ni ajabu kwamba kiyoyozi cha kisasa hakikubuniwa kwa ajili ya starehe ya binadamu. Mwaka 1902, mhandisi Mmarekani Willis Carrier alisanifu mtambo kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, New York. Unyevu wa kiangazi ulikuwa ukitanua na kunywesha karatasi, hata rangi zilizochapwa moja juu ya nyingine zikakosa kulingana. Carrier alitafuta njia ya kudhibiti unyevu wa hewa, na ubaridi ukaja pamoja nao. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mitambo ya nyumba nzima ilienea katika makazi ya Marekani, na leo nyumba nyingi mpya za huko hujengwa zikiwa nayo tayari. Msomaji na aukumbuke mwanzo huu, kwa maana kazi ya kuondoa unyevu ingali nusu ya manufaa ya chombo hiki.

Jinsi kinavyofanya kazi

Watu wengi hudhani kwamba kiyoyozi hutengeneza baridi. La hasha. Kiyoyozi huhamisha joto kutoka ndani na kulitupa nje. Mfano wake tunao katika mtungi wa udongo. Maji hupenya vitundu vya mtungi, hufika nje na kugeuka mvuke, na katika kugeuka huko huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Ndiyo sababu maji ya mtungini huburudisha.

Kiyoyozi hufuata kanuni iyo hiyo, ila mahali pa maji pana gesi maalumu inayozunguka katika mabomba yaliyofungwa. Ndani ya nyumba, aghalabu darini, mna koili. Gesi iliyogeuzwa kuwa kiowevu huingia katika koili hiyo, hugeuka mvuke, na kufyonza joto la hewa inayopita juu yake. Mvuke huo huenda nje, ambako kompresa huukandamiza ukapata moto zaidi ya hewa ya nje. Hapo koili ya pili, ikisaidiwa na feni, hulitoa joto lile, na mvuke hurudi kuwa kiowevu. Safari huanza upya.

Kinachokitofautisha kiyoyozi cha nyumba nzima na kile cha chumba kimoja ni mifereji ya hewa. Feni kubwa huvuta hewa ya nyumba, huipitisha katika kichujio na koili, kisha huisambaza vyumbani kupitia mifereji iliyofichwa darini. Kifaa kimoja cha ukutani, kiitwacho thamostati, hupima joto na kuamuru mtambo uwake au uzime.

Nguvu ya mtambo hupimwa kwa tani. Tani hii si uzito wa mashine. Ni kasi ya kuondoa joto inayotosha kuyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu kwa saa 24, yaani takriban kilowati 3.5. Kipimo hiki ni kumbukumbu ya enzi ambapo watu walipoza majengo kwa barafu.

Faida zake

Faida ya kwanza ni usawa. Sebule, vyumba vya kulala na ushoroba hupata hali moja, wala mtu hatoki penye baridi akaingia tanuruni.

Pili, mtambo hupunguza unyevu. Hewa yenye joto inapogusa koili baridi, maji yake huganda kama matone juu ya gilasi ya maji ya barafu, kisha huondoka kwa bomba. Katika mji wa pwani, ambako nguo na vitabu huota koga kabatini, faida hii si ndogo. Hata hivyo, hupatikana tu iwapo mtambo unalingana na nyumba. Mtambo mkubwa kupita kiasi hupoza upesi na kuzima kabla haujatoa unyevu, na wenyeji huachwa katika baridi yenye majimaji. Katika jambo hili kikubwa si lazima kiwe bora.

Tatu, hewa huchujwa kila inapozunguka, na vumbi hupungua. Nne, kompresa yenye kelele hukaa nje, na kuta hazitobolewi kila chumba.

Haki inatudai tutaje upande wa pili. Mtambo wa nyumba nzima huweza kupoza vyumba visivyo na mtu, na gharama ya umeme hupanda. Tena, mitambo mingi ya nyumbani huzungusha hewa ile ile, wala haileti hewa mpya. Nyumba iliyofungwa mchana kutwa huhitaji kufunguliwa madirisha wakati wa asubuhi. Wajenzi wa miji ya kale ya pwani walilijua hilo. Kuta nene za matumbawe, dari za juu, nyua za ndani na vichochoro vyenye kivuli vilipunguza joto bila umeme. Anayejenga leo afadhali aanze kwa kivuli na upepo, kisha kiyoyozi kimalizie kazi iliyosalia.

Matunzo yake

Jambo la kwanza ni kichujio. Kikague kila mwezi. Kiwe kinaoshwa au kubadilishwa kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, kwa kadiri ya vumbi la mahali. Kichujio kilichoziba huzuia hewa, koili ya ndani huganda barafu, na kompresa huhangaika bure. Wizara ya Nishati ya Marekani hukadiria kuwa kubadilisha kichujio kilichoziba huweza kupunguza umeme unaotumiwa na kiyoyozi kwa asilimia 5 hadi 15.

La pili ni bomba la maji machafu. Utelezi huota ndani yake na kuliziba, na maji yakikosa njia hurudi darini. Hayo ndiyo yaliyomfika shangazi. Kikombe cha siki kikimiminwa bombani kila baada ya miezi michache husaidia kulizuia ziba hilo.

La tatu ni koili ya nje. Isizungukwe na maua, nguo wala magunia. Iachiwe nafasi ya angalau sentimita 60. Karibu na bahari, chumvi ya upepo hula chuma, hivyo ni vyema koili ioshwe kwa maji baridi yasiyo na nguvu kali, baada ya umeme kuzimwa kwenye swichi kuu.

La nne ni mifereji. Katika nyumba ya kawaida ya Marekani, imekadiriwa kwamba asilimia 20 hadi 30 ya hewa ipitayo mferejini hupotea kwa nyufa na viungo vilivyolegea. Bandu bandu huisha gogo. Viungo hivyo vikaguliwe na kuzibwa.

La tano ni gesi, na hapa wengi hupoteza fedha. Gesi ya kiyoyozi hailiki kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba miaka nenda miaka rudi. Fundi akisema kila mwaka kwamba gesi imekwisha na inafaa kuongezwa, mwenye nyumba na amwulize, "Imetokea wapi?" Uvujaji huzibwa kwanza, ndipo gesi ijazwe.

Suala hili linavuka ua wa nyumba. Gesi za awali zilitoboa tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukazipiga vita. Baadhi ya zilizorithi nafasi yake haziidhuru ozoni, bali hunasa joto la dunia. Moja iliyotumika sana, R-410A, ina uwezo wa kunasa joto unaozidi ule wa kaboni dioksidi takriban mara 2,000 kwa uzito ule ule. Mwaka 2016 mataifa yalikutana hapa Afrika Mashariki, mjini Kigali, yakakubaliana kuzipunguza gesi za namna hiyo. Kwa hiyo anayeachia gesi ivuje anajipoza leo na kuipasha moto dunia ya kesho.

Hitimisho

Tumeona kwamba kiyoyozi cha nyumba nzima huhamisha joto, hukausha na kuchuja hewa, na kwamba uhai wake hutegemea kazi ndogo ndogo: kichujio, bomba, koili, mifereji na gesi. Hakuna hata moja iliyo ngumu kuelezwa kwa Kiswahili. Istilahi chache tulizotohoa, kama kompresa na thamostati, zimekaa pamoja na mtungi, siki na ua bila ugomvi.

Shangazi sasa huosha kichujio chake kila mwisho wa mwezi, na hahitaji fundi kwa kazi hiyo. Alichokosa awali hakikuwa akili wala bidii, bali maelezo katika lugha anayoiota usingizini. Sisi tunaosoma Kiswahili vyuoni tuna deni hapo. Tafsiri ya kijitabu kimoja cha mtambo huenda isimpatie mwanafunzi tuzo, lakini itaokoa dari ya mtu.