Kufuli Lisiwe kwa Mtoto wa Kabwela Peke Yake

Wako watu wazima wajifichao nyuma ya majina ya uongo katika intaneti ili wawanase watoto. Watu hao ni adui wa kila mzazi, nasi hatuna neno la kuwatetea. Lakini nia njema peke yake haitoshi kuifanya sheria kuwa njema. Hatuna budi kuuliza: sheria yamfunga nani, na yamwacha nani huru?

Tuitazame Marekani. Mwezi Mei 2006 Mbunge Michael Fitzpatrick wa Pennsylvania alipeleka muswada wa kuzitaka shule na maktaba za umma ziwazuie watoto wasiingie katika mitandao ya kijamii ya kibiashara. Tarehe 26 Julai mwaka huo Baraza la Wawakilishi liliupitisha kwa kura 410 dhidi ya 15. Ni wachache waliothubutu kupiga kura ambayo ingewafanya waitwe wasiojali watoto.

Lakini tazameni, ndugu, fimbo ya muswada huo ilikuwa wapi. Ilikuwa katika fedha. Mpango uitwao E-rate, uliotokana na Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996, huzipunguzia shule na maktaba gharama za intaneti kwa asilimia 20 hadi 90. Punguzo huwa kubwa zaidi palipo na watoto wengi wa wazazi fukara. Basi shule iliyo maskini kuliko zote ndiyo isiyoweza kulikataa sharti. Shule ya matajiri isiyopokea fedha hizo haikuguswa. Na hata kama mtoto wa tajiri angezuiwa shuleni, jioni angeifungua kompyuta ya nyumbani kwao. Mtoto wa kabwela, ambaye hana kompyuta ila ile ya maktaba, ndiye ambaye angefungiwa mlango.

Ni kweli kwamba muswada uliruhusu matumizi ya masomo chini ya uangalizi wa mtu mzima. Lakini uangalizi wataka watu, na shule maskini ndiyo yenye upungufu wa watu. Chama cha Maktaba cha Marekani kiliupinga, kikishikilia kwamba mtoto hulindwa kwa kufundishwa.

Muswada ulikwama katika Seneti. Mwaka 2008 ilipitishwa sheria nyingine, iliyozitaka shule zipokeazo punguzo ziwafundishe watoto mwenendo ufaao katika intaneti na mitandao ya kijamii, pamoja na kujihadhari na uonevu. Twaiona hiyo kuwa njia ya busara, kwani kufuli hubaki shuleni, bali elimu humfuata mtoto mpaka nyumbani.

Australia nayo ilipitisha sheria Novemba 2024, iliyoanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025. Sheria hiyo yazitaka kampuni zenyewe zichukue hatua ili walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti, na faini yaweza kufika dola milioni 49.5 za nchi hiyo. Watu waweza kubishana juu ya umri huo. Lakini mzigo umewekwa juu ya mabega ya wale wavunao faida.

Hiyo ndiyo haki tuidaiyo kila mahali. Atakaye kumlinda mtoto na aanze kwa kumbana mwenye nguvu, wala asianze kwa kumnyang'anya mnyonge kiti chake cha maktaba.