Bei Inaposhuka Yiwu

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda China mara ya kwanza huwa amejiandaa kwa mengi: viza, dola, mkalimani, pengine hata unga wa sembe. Asichojiandaa nacho ni kwamba kupunguziwa bei kule si jambo lile analolijua.

Kariakoo begi la shule linaning'inia dukani, limeshonwa, limekwisha. Muuzaji akitaja elfu thelathini, mteja akaondoka nalo kwa elfu ishirini na mbili, kilichopungua ni faida. Begi ni lile lile. Ndiyo maana kubishania bei hadi tone la mwisho huhesabiwa ujanja wa mjini.

Soko la jumla la Yiwu, katika jimbo la Zhejiang, lina vibanda zaidi ya 70,000, lakini vingi vimejaa sampuli. Begi unaloshika pale ni la kukubaliana tu kuhusu mabegi elfu mbili ambayo bado hayajashonwa. Ukikandamiza bei, muuzaji anabonyeza kikokotoo, anatikisa kichwa, anabonyeza tena, mwishowe anakubali. Unatoka kifua mbele. Kiwandani hesabu zinaanza upya: kitambaa kinakuwa chepesi kidogo, zipu inashuka daraja, bitana inaondolewa, na mkanda uliopaswa kushonwa mara mbili unashonwa mara moja. Mwenye kiwanda hajioni tapeli. Aliulizwa kama anaweza kutengeneza kwa bei ile, naye ameweza. Kwangu mimi utetezi huo ni nusu ya haki, maana alijua mteja hakuelewa na akanyamaza. Lakini nusu iliyobaki ni ya kweli, na ndiyo inayoeleza kwa nini nchi inayotengeneza simu za hali ya juu ndiyo hiyo hiyo inayotuletea kandambili za wiki mbili. Kila mtu huletewa alichoagiza.

Tofauti nyingine ni ya uaminifu. Kariakoo kuna mali kauli: unachukua mzigo kwa neno tu, unauza, unarudisha fedha. Mwenye duka la jumla anakijua kibanda chako, anamjua aliyekuleta, na ukipotea anajua pa kuanzia kukutafuta. Kwa kiwanda cha China wewe ni mgeni, na utaratibu uliozoeleka ni asilimia 30 ya malipo kwanza, kisha 70 kabla mzigo haujaachiwa. Wengine huliona hilo dharau. Si dharau, Wachina nao hukopeshana kwa kujuana, chai na chakula cha jioni vikiwa sehemu ya kazi. Ni kwamba mgeni anaanzia nje ya duara, na oda zinazolipwa vizuri ndizo zinazomsogeza ndani. Kuna wazoefu ambao leo viwanda huwatumia mzigo kabla hawajamaliza kulipa.

Kalenda nayo ina yake. Mwaka Mpya wa Kichina, unaoangukia kati ya mwisho wa Januari na wiki ya tatu ya Februari, hufunga viwanda kwa wiki kadhaa. Oda ya Desemba hushonwa kwa haraka, au husubiri.

Basi wazoefu hawaanzi na bei. Wanaandika kwanza uzito wa kitambaa kwa gramu, aina ya zipu, idadi ya mishono. Sampuli mbili zinatiwa saini, kila upande unabaki na yake. Na mkaguzi anafungua maboksi kabla ile asilimia 70 haijatumwa. Masharti hayo yakishaandikwa ndipo wanapobishania bei, tena sana.

Wapo pia wanaoagiza begi dhaifu kwa makusudi, kwa sababu mteja wao wa Sumbawanga au Lubumbashi ana elfu nane na mtoto anaanza shule Jumatatu. Waagizaji hao hawakudanganywa na kiwanda chochote, wala hawajamdanganya mtu. Anayedanganya ni wa fremu ya pili, anayelinunua begi hilo hilo kwa jumla na kulitajia elfu thelathini.