Presha Inavyoubadili Moyo Kuanzia Ndani ya Seli

Moyo wa mtu mzima hauongezi nguvu kwa kuzaa seli mpya. Mwaka 2009 Jonas Frisén na wenzake wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden walichunguza vinasaba vya seli za misuli ya moyo wakitafuta kaboni-14, ambayo ilitapakaa hewani wakati wa majaribio ya mabomu ya nyuklia na kumwingia kila aliyekuwa hai. Kiasi chake kiliwaonyesha seli imezaliwa lini. Mtu wa miaka 25 hupata seli mpya za misuli ya moyo kwa kiwango cha asilimia 1 tu kwa mwaka, na akifika miaka 75 kiwango hicho kimeshuka chini ya nusu ya asilimia. Kwa hiyo moyo unaosukuma damu dhidi ya presha kubwa, mwaka hadi mwaka, hauna budi kutegemea seli zilezile ulizo nazo. Kila seli hunenepa.

Unene huo huanza kwa ishara. Ukuta wa ventrikali ya kushoto, chumba kinachopeleka damu mwili mzima, ukielemewa na presha, protini za kwenye utando wa seli huhisi mvuto na kupeleka habari ndani. Homoni ya anjiotensini II nayo huchochea vipokezi vya seli hizohizo. Kalsiamu, ambayo kwa kila pigo hupanda ili misuli ikaze na kushuka ili ilegee, sasa huamsha kimeng'enya kiitwacho kalsinurini. Hicho huiondolea fosfati protini iitwayo NFAT, ambayo huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni. Jeffery Molkentin, Eric Olson na wenzao nchini Marekani waliieleza njia hii mwaka 1998. Panya waliowekewa kalsinurini isiyozimika walipata mioyo mikubwa, na baadaye mioyo hiyo ikashindwa kufanya kazi. Hapakuwa na haja ya kuwapandisha presha. Ishara peke yake ilitosha.

Ndani ya seli kuna nyuzi zinazovutana, zilizopangwa katika vipande vidogo viitwavyo sarkomia. Presha ikiwa kubwa, sarkomia mpya huongezwa ubavuni mwa zile za zamani. Seli hupanuka na ukuta wa moyo huwa mnene. Pale mzigo unapokuwa wingi wa damu, kwa mfano vali inapovuja, sarkomia huunganishwa mwisho kwa mwisho. Seli hurefuka na chumba cha moyo hutanuka.

La kushangaza zaidi ni jeni zinazowashwa. Nyingi ni zile zilizofanya kazi moyo ulipokuwa wa kijusi tumboni, zikazimwa baada ya kuzaliwa. Hurudi aina ya miosini, protini ya nyuzi zinazovutana, inayovuta polepole lakini kwa matumizi madogo ya nishati. Mafuta, ambayo ndiyo chakula kikuu cha moyo wenye afya, huanza kutumika kidogo, na glukosi huchukua nafasi kubwa zaidi, kama ilivyokuwa kabla ya kuzaliwa. Ventrikali nazo hurudia kutengeneza kwa wingi homoni za ANP na BNP.

ANP ina historia yake. Mwaka 1981 Adolfo de Bold, akifanya kazi Kingston nchini Kanada, alisaga tishu ya atria, vyumba vya juu vya moyo wa panya, na kuwadunga panya wengine maji yake. Mkojo wao uliongezeka mara 10, na chumvi iliyotoka zaidi ya mara 30. Hapo ikajulikana kwamba moyo nao ni tezi, na kwamba ukielemewa huagiza figo zipunguze maji na chumvi mwilini. Leo daktari akitaka kujua kama mtu anayehema amepata tatizo la moyo au la mapafu, hupima BNP kwenye damu.

Hadi hapa moyo unajiokoa, na kwa muda unafanikiwa. Lakini mishipa midogo ya damu haiongezeki sambamba na unene wa seli, hivyo seli hukosa oksijeni na baadhi hufa. Fibroblasti, seli zinazotengeneza kiunzi cha moyo, huchochewa na protini ya TGF-beta na kumwaga kolajeni. Kovu hutanda katikati ya misuli, moyo unakuwa mgumu kujaa damu, na umeme wake hukosa njia iliyonyooka. Pampu ya SERCA2a, inayorudisha kalsiamu ghalani kila baada ya pigo, hupungua, na misuli inachelewa kulegea.

Afrika maradhi haya huwapata watu wakiwa bado na nguvu za kufanya kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa kufanya kazi katika nchi 9, zikiwemo Kenya na Uganda, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 52, na presha ndiyo iliyokuwa chanzo kikuu.

Dawa zinazosaidia zaidi ni zile zinazozima ishara zenyewe. Enalapril huzuia kutengenezwa kwa anjiotensini II. Katika jaribio la mwaka 1987 kwa wagonjwa mahututi 253 wa moyo kushindwa kufanya kazi huko Skandinavia, ilipunguza vifo kwa asilimia 40 ndani ya miezi 6. Dawa za kundi hili, zikitumiwa pamoja na zile zinazoukinga moyo dhidi ya adrenalini, zinaweza hata kuurudisha moyo uliotanuka kwenye ukubwa wake.

Kurudi huko si kupona. Nchini Uingereza walichunguzwa watu 51 ambao ugonjwa wa misuli ya moyo, usiotokana na presha, ulikuwa umeonekana kuisha. Hawakuwa na dalili, na kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kilionyesha moyo wa kawaida. Kati ya 25 waliopunguziwa dawa hadi kuziacha, 11 walirudiwa na ugonjwa ndani ya miezi 6. Katika wale walioendelea kumeza dawa zao kwa muda huo, hakuna aliyerudiwa.