Mlinzi wa Miliampea 20

Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina chuma, maji na umeme, na mambo yake yalianzia chini ya ardhi, kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Wazee wa Rungwe na Mbeya wanalikumbuka jina la Wenela, shirika lililokuwa likichukua vijana wa kusini mwa Tanganyika miaka ya 1950 kwenda kuchimba huko.

Shimoni mle kulikuwa na pampu, feni na mashine za kuvutia mizigo, na mwamba unachuruzika maji. Kebo huburutwa juu ya mawe mpaka zinachubuka. Sasa waya wa moto ukichubuka ukagusa bodi ya pampu, na mtu akaja kuishika pampu hiyo kwa mkono uliolowa, nani wa kumwokoa?

Utasema fyuzi. Ngoja kwanza. Fyuzi ni kipande cha waya mwembamba kinachoyeyuka umeme ukizidi. Sakiti breka hufanya kazi hiyohiyo bila kuyeyuka: inajikata, nawe unaiinua tena. Vyote viwili vinalinda waya usipate moto ukaunguza jengo. Mtu si kazi yao. Umeme wa robo ampea ukipita kifuani mwako, fyuzi ya ampea 30 haina habari, na robo ampea, ambayo ni kama ile inayowasha balbu ya wati 60, inatosha kabisa kukuua.

Ndiyo maana kuna ethi, ule waya wa kijani na njano unaofungwa kwenye bodi ya mashine na kuishia kwenye nondo iliyopigiliwa ardhini. Waya wa moto ukigusa bodi, umeme hupata njia ya kukimbilia, unakimbia kwa wingi, na wingi huo ndio unaokata fyuzi. Ila ardhi nayo iwe tayari kuupokea. Tupige hesabu. Umeme ni wa volti 230, kiangazi kimekausha udongo, na ukinzani wa nondo umefika omu 20. Gawanya: ampea 11.5. Fyuzi ya 30 inatulia tu, na bodi ya mashine inabaki na umeme ikimsubiri mtu. Mafundi wetu humwaga chumvi na mkaa kwenye shimo la nondo ili ardhi ipitishe umeme vizuri. Inasaidia, lakini mimi nisingeweka roho yangu rehani kwa chumvi.

Vifaa vya kugundua umeme unaovuja ardhini vilikuwepo zamani, ila vingi vilishtuka kwenye ampea 10 hivi. Kwa mtu, hizo ni habari za maziko. Mwaka 1955 mhandisi Henri Rubin, wa kampuni ya C.J. Fuchs huko Alberton karibu na Johannesburg, alitengeneza kimoja kilichokata kwenye miliampea 250. Migodi ikakifunga, kikafanya kazi bila matata. Lakini kumbuka: miliampea 250 ndiyo ile robo ampea ya balbu. Rubin aliliona hilo, akaanza upya.

Ujanja wenyewe uko hivi. Waya wa moto na nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, hupitishwa pamoja ndani ya pete ya chuma. Mchungaji mlangoni pa zizi huhesabu mbuzi wakitoka na wakirudi. Akikosekana hata mmoja, anajua kuna aliyepotelea njiani. Pete nayo hufanya hivyo. Umeme wa kwenda na wa kurudi ukilingana, sumaku zake hufutana. Ukivuja kidogo kupitia bodi ya pampu, au kupitia mtu, sumaku kidogo hubaki kwenye pete, na hiyo ndiyo inayoamuru swichi ianguke.

Kazi ngumu ilikuwa kwenye hicho "kidogo". Kifaa alichokikamilisha mwanzoni mwa 1956 kilibeba ampea 60, na kilitakiwa kishtuke ikivuja miliampea 15 hivi. Hiyo ni sehemu moja kati ya 4,000! Sumaku dhaifu kiasi hicho haiangushi kitu, ikabidi aikuze kwanza kwa amplifaya ya sumaku. Na mbona ateremke mpaka huko? Kule Berkeley, California, mtafiti Charles Dalziel alikuwa amepitisha umeme mikononi mwa watu waliojitolea, akiongeza taratibu mpaka vidole vikaze washindwe kuachia. Wanaume, kwa wastani, walinaswa kwenye miliampea 16, wanawake kwenye 10.5. Zaidi ya hapo, uhai wako unategemea swichi inakata haraka kiasi gani.

Halafu, katika kijiji cha mgodi wa Stilfontein, mwanamke mmoja akapigwa na umeme nyumbani akafa. Mwaka 1957 na 1958 vifaa mia kadhaa vya miliampea 20 vikafungwa kwenye nyumba za kijiji hicho. Vijana wa Wenela, ambao hawakuruhusiwa kuja na familia, hawakulala kwenye nyumba hizo bali kwenye kampaundi, mabweni ya migodi.

Leo ndugu wa kifaa cha Rubin yuko kwenye maduka na hoteli zetu. Mafundi humwita RCD, mara nyingi wa miliampea 30, na ana kitufe chenye herufi T. Ukikibonyeza, kinavujisha umeme kidogo kwa makusudi, na swichi lazima ianguke papo hapo. Isipoanguka, mwite fundi. Kuna wenye mabucha ambao friza ikianza kuikata RCD kila asubuhi, humwambia fundi aiondoe. Fundi anayekubali anachukua pesa na kuacha friza inayovuja.

Na kuna jambo moja RCD haiwezi. Ukishika waya wa moto kwa mkono huu na nyutro kwa mkono ule, umesimama kwenye mbao kavu, umeme wote unaokwenda unarudi, ila unapitia kifuani mwako. Pete inaona hesabu imetimia, na swichi inabaki juu.